Joho Jeusi la Wanafunzi wa Ufaransa

Mtu atazamaye picha za skuli za Ufaransa zilizopigwa baina ya mwaka 1919 na 1939, akaona wavulana wamepangwa safu kwa safu, kila mmoja ndani ya joho jeusi au la kijivu lishukalo karibu na magoti, hudhani upesi kwamba serikali ndiyo iliyowavika kwa amri. Dhana hiyo si sahihi. Sheria za Jules Ferry za mwaka 1881 na 1882, zilizofanya elimu ya msingi kuwa bure, ya lazima na isiyofungamana na dini, hazikumpa mwanafunzi sare yoyote; joho lilidumu kwa desturi, kwa taratibu za skuli moja moja, na zaidi ya yote kwa kuwa lilibuniwa kwa akili.

Adui wake alikuwa wino. Mwanafunzi wa zama hizo aliandika kwa kalamu ya mpini wa mti yenye ncha ya chuma, kama ile mashuhuri ya Sergent-Major, akiichovya kila baada ya maneno machache katika kidau cha kauri kilichopachikwa kwenye tundu la dawati, na wino wenyewe, wa rangi ya zambarau, aghalabu ulichanganywa skulini kwa unga na maji. Ncha ikikwama karatasini ilirusha matone, na mkono ukipita juu ya mstari mbichi ulichukua rangi. Koti la sufu halistahimili kuchemshwa, na nyumba nyingi za mafundi na wakulima hazikuwa na koti la pili la kumpa mtoto. Walakini pamba nyeusi ilisitiri madoa, ikavumilia maji ya moto, na ilipochakaa hasara yake haikuwa kubwa.

Ustadi wa mshono ndio unistaajabishao zaidi. Joho lilikatwa pana mfano wa kanzu fupi, lenye mikono mirefu iliyofungwa kwenye vifundo, ili nguo ya ndani isiburure juu ya daftari, na mara nyingi lilikazwa kwa mkanda kiunoni. Vifungo vya watoto wadogo viliwekwa mgongoni, hata mtoto asiweze kulivua bila ya msaada, na kifua chote kikabaki kitambaa kizima kisicho na mwanya wa tone kupenya. Wakubwa walifungia mbele, au ubavuni kuanzia begani. Mama mwenye tadbiri aliacha upindo mpana chini, akaufumua kadiri mtoto alivyorefuka, kisha joho la kaka likarithiwa na mdogo wake.

Chini yake mlikuwa na kaptura, iliyovaliwa hata wakati wa baridi mpaka mvulana akaribie kubaleghe, kwani kitambaa cha goti ndicho kitanguliacho kuraruka kwa mtoto mchezaji. Soksi ndefu, viatu vya ngozi vyenye nyayo za mti, kofia ya bereti, na juba la sufu lisilo mikono kwa siku za mvua vilikamilisha vazi.

Wako wasifuo joho kwamba lilisawazisha tajiri na maskini. Sifa hiyo naikubali nusu. Vita vilivyokwisha mwaka 1918 viliua askari wa Ufaransa wapatao 1,400,000, na mayatima waliosomeshwa baadaye bila shaka walinufaika kwa vazi lililofunika nguo zilizotiwa viraka. Lakini jamaa wenye uwezo waliwapeleka wana wao katika madarasa ya kulipiwa ya lisee, yaani skuli za sekondari, na ada za elimu ya sekondari hazikuanza kuondolewa ila mwaka 1930. Basi usawa wa joho ulikuwa zaidi baina ya watu waliokuwa wamekwisha kukaribiana kwa hali.

Kilichoushinda ufundi huu ni kalamu mpya. Mwaka 1965 wizara ya elimu ya Ufaransa iliruhusu kalamu za biki madarasani, vidau vikaachwa, na katika miaka ya 1970 joho likawa limetoweka katika skuli nyingi.