Gome, Gazeti na Penseli

Maji yakipwa mikokoni Kilwa Kivinje, mkomafi, aina mojawapo ya mikoko, hutambulika kwa tunda lake: duara, zito, karibu ukubwa wa kichwa cha mtoto. Likipasuka, mbegu zake zimebanana hivi kwamba ukizitoa hujui tena zilivyokaa. Watu wa pwani huutumia mti huu kwa maradhi ya tumbo. Mwanafunzi wa famasia akilisikia hilo kwa mara ya kwanza hutamani akate gome papo hapo akimbilie maabara. Mwalimu mzuri humzuia.

Kazi hiyo ya kuzuia naiheshimu kuliko nyingi. Kijana anayesoma shahada ya kwanza ya famasia Muhimbili amekariri mamia ya dawa zilizokwisha kuchunguzwa na wengine. Katika mwaka wa nne anapewa utafiti wake mwenyewe, na hapo ndipo huanza kujifunza kutojua.

Huanza na kuuliza. Ukimwuliza mganga, "Dawa hii inatibu tumbo?" atakujibu ndiyo, na mazungumzo yamekwisha. Basi kijana hufundishwa kupiga hodi, kueleza amefuata nini, kuomba ridhaa kabla ya kufungua daftari, kisha kuuliza polepole. Tumbo linamfanyaje mgonjwa? Unachukua gome au mzizi? Unachemsha au unaloweka? Nani humpi kabisa dawa hii? Hilo la mwisho ndilo nilipendalo zaidi, kwa sababu mganga anayejua wa kumnyima anajua madhara yako wapi.

Na la kuloweka si dogo. Nchini China, mtafiti Tu Youyou alisoma maelezo ya tabibu wa kale Ge Hong yaliyosema mmea wa qinghao ulowekwe majini, kisha ukamuliwe. Akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa, akabadili njia ya kuikamua, na mwaka 1971 akapata dawa ya malaria iliyowashinda wengine. Dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria imetoka katika ukoo huo. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015.

Halafu kuna jina. Mtu akisema "mkoko" anaweza kumaanisha mti mmoja, au mti wowote uotao kwenye tope la bahari. Kwa hiyo mwanafunzi hukata tawi lenye majani na ua au tunda, akalilaza kati ya magazeti, akalibana kwa mbao na kamba. Magazeti hubadilishwa kila siku. Hewa ya Kilwa ina unyevu, na ukizembea ukungu unakutangulia. Lebo huandikwa kwa penseli, maana wino huchuruzika. Tarehe, mahali, aina ya udongo, jina alilolitaja mwenyeji.

Anayeona hayo ni makaratasi tu amkumbuke Schlieben, Mjerumani aliyekusanya mimea kuzunguka Lindi katikati ya miaka ya 1930. Machi 1943 hifadhi ya mimea ya Berlin iliungua kwa mabomu. Mimea yake inasomeka hadi leo kwa sababu nakala zilikuwa zimegawiwa hifadhi nyingine.

Maabara huja baadaye, nayo ina mitego yake. Gome la mikoko limejaa tanini, ile ile inayofanya ngozi mbichi iwe ngozi ya viatu. Tanini hushikana na protini ovyo, na kipimo kinaweza kuonyesha "dawa imefanya kazi" pasipo dawa. Kijana aliyefundwa hafurahi mapema. Huiondoa tanini, akapima tena. Akipima sumu kwa viduvi vya maji ya chumvi, huviangua, akaweka kumi kumi katika kila kichupa, na kesho yake akahesabu vilivyo hai kimoja kimoja. Kichupa kimoja hakitiwi dawa. Vikifa hata humo, kazi yote inaanza upya, na hakuna aibu katika kuandika hivyo.

Kwenu wazee wa Kivinje, Masoko, Kilwa Kisiwani na Lindi: mwanafunzi akija na daftari lake, mpokeeni, mwonyesheni mti wenyewe. Na kabla hajapanda basi, mwahidisheni kwamba atarudi kuwaeleza alichokiona, hata kama hakuona kitu.