Mkono Unaorusha Kinyoya

Methali hutuagiza tumkunje samaki angali mbichi. Kocha wa badminton kwanza hukunjua. Mtoto anayeshika raketi mara ya kwanza huikamata kwa ngumi, na kocha humlegeza vidole kimoja kimoja mpaka aushike mpini kana kwamba anamsalimia mtu. Vidole vitakaza pale tu raketi inapokutana na kinyoya. Nguvu itatoka kwenye kigasha kinachozunguka, wala si kwenye bega lililokakamaa.

Kinyoya chenyewe ni kigeugeu. Kina manyoya 16 na uzito wa gramu 5 hivi. Bingwa hukitoa kwenye raketi kwa zaidi ya kilomita 400 kwa saa, kisha hewa hukikaba hadi kikaishiwa mbio. Anayekiwahi kikiwa juu ana njia nyingi za kukipeleka. Anayekingoja kishuke hana ila kukiinua tu. Ndiyo maana miguu hufunzwa pamoja na mkono.

Hapa ndipo ninapouvulia kofia ufundi wa kocha wa watoto: anarusha. Anaiweka raketi kando, anachukua vinyoya kwa mkono na kumrushia mwanafunzi kimoja baada ya kingine. Akirusha juu ya bega, mtoto hujifunza kujipinda kiubavu na kukipigia juu. Akidondosha karibu na wavu, mtoto hupiga hatua ndefu, kisigino kikitangulia. Kila mrusho ni swali lililopimwa kwa kimo cha anayeulizwa.

Wapo wanaofundisha ufundi kwa miezi, mbinu wakaziweka kiporo. Kocha hodari huzifundisha siku ileile. Huwagawia watoto wawili nusu ya uwanja, ukanda mrefu mwembamba, na kuwaambia kwamba pointi huhesabiwa kinyoya kikiangukia karibu na wavu au nyuma kabisa. Mtoto akiuliza akipeleke wapi, hujibiwa kwa swali: “Mwenzako amesimama wapi?” Kuanzia hapo macho yake huvuka wavu. Pigo la kudondosha, alilolirudia bila kujua faida yake, sasa lina kazi: mwenzake yuko nyuma, mbele ni patupu.

Pengine mchezo utaisha kwa 21–6, na mtoto huyo ndiye mwenye pointi sita. Kocha anayeijua kazi yake ataketi naye wazipitie hizo sita, amweleze kila moja aliipataje.