Mambo Msiige na Meza za Makarani

Wapo waaminio kwamba nyumba kongwe hufa siku meza ya karani inapoingia. Mimi siamini hivyo, na shahidi wangu ni Mambo Msiige, pale Shangani, Unguja.

Ilijengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri mmoja wa Kiarabu. Jina lenyewe ni majigambo: tazameni, lakini msiige. Husimuliwa hata kwamba chokaa yake ilikorogwa kwa mayai. Wakaishi humo wamisionari wa UMCA. Kuanzia 1874 ikawa ubalozi mdogo wa Uingereza. Baadaye hospitali ya Wazungu, kisha ofisi za serikali.

Ofisi ziliiweza kwa sababu ya boriti. Dari za Mji Mkongwe hubebwa na miti ya mikoko, na mkoko hauna urefu wa kuvuka mbali, basi vyumba huwa vyembamba, upana wa kiasi cha mita 3, lakini virefu. Chumba kama hicho hakifai kwa karamu kubwa. Kwa karani kimekaa sawa kabisa: meza dirishani, kabati la majalada nyuma, na kuta nene za mawe na chokaa zinazochelewesha joto la mchana. Huhitaji kubomoa kitu.

Kilichopinduka ni adabu ya nyumba. Nyumba za pwani humpokea mtu kwa daraja: mpita njia huishia barazani, mgeni hukaribishwa kiasi, na vyumba vya ndani ni vya wenyewe. Ofisi haijui daraja hizo. Yeyote mwenye karatasi ya kugongwa muhuri hupanda ngazi mpaka juu. Wahifadhi wengine huliona hilo kuwa uharibifu. Kwangu ni faida kubwa, maana nyumba ya tajiri ilipata kukanyagwa na watu wa mji bila kiingilio.

Tangu 2015 ni sehemu ya hoteli, Park Hyatt. Nakiri imetengenezwa vizuri, kuta zimerudi kung'ara. Lakini pembeni limeinuka jengo jipya la kuongeza vyumba, ambalo Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ililitilia shaka. Kiwanja cha wazi kilichokuwa ubavuni, kuelekea baharini, ndicho kilicholipwa. Karani hakuhitaji kiwanja hicho. Alihitaji dirisha tu.