Kikapu cha Maembe na Mkono wa Bibi

Jumapili moja jioni mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, alimwekea bibi yake kompyuta juu ya kigoda pale barazani. Kwenye kioo palikuwa na mwembe, na chini ya mwembe kikapu. Maembe yanadondoka, wewe unakisogeza kikapu kuyadaka. Mchezo ulikuwa huo tu, naye aliutunga mwenyewe kwa siku tatu. Bibi alikuwa hajawahi kugusa kitufe cha kompyuta maishani mwake. Alibonyeza mshale wa kushoto na hakuuachia. Kikapu kikateleza, kikavuka ukingo wa kioo, kikapotea. Maembe yakaendelea kuanguka chini.

"Bibi, siyo hivyo..."

"Mwache," nikamwambia. "Kaa kimya umtazame."

Bibi akauliza, "Mjukuu wangu, kikapu kimekwenda wapi?"

Usiku ule kijana alirudi kwenye kazi yake. Aliweka mpaka ili kikapu kisivuke ukingo, akapunguza kasi ya maembe, kisha akakipanua kikapu kidogo pande zote mbili kuliko kinavyoonekana kwa macho, ili embe likikaribia tu lihesabiwe. Hakuna mwalimu aliyemwagiza wala kitabu alichofungua. Swali la bibi lilitosha. Siku hiyo, kwa macho yangu, alivuka kutoka kucheza na kompyuta na kuingia katika ufundi wa kutunga michezo.

Nimeisimulia jioni ile kwa sababu watu huniuliza mara kwa mara, wazazi hasa, na vijana waliomaliza shule: nikitaka kuanza kutengeneza gemu zangu mwenyewe, nianze na programu gani? Wanategemea niwatajie iliyo na nguvu kuliko zote. Mimi huwaambia wachague ile itakayowafikisha upesi barazani, mbele ya mtu mwingine, mchezo ukiwa mkononi mwake. Sifa nyingine zote za programu nazipima kwa kipimo hicho.

Najua uchungu wa kupima kwa kipimo kingine. Mimi mwenyewe nilianza na injini moja kubwa ya kutengenezea gemu, kwa kuwa nilisikia ndiyo inayotumiwa na makampuni ya nje. Nilinunua bando usiku baada ya usiku, nikapakua gigabaiti kwa gigabaiti, nikaipakia kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 iliyokuwa ikipata moto kama pasi. Baada ya miezi miwili nilikuwa na uwanda wa majani na jua linalotua. Ulikuwa mzuri kweli. Lakini hapakuwa na la kufanya ndani yake, wala sikuwa na kitu cha kumpa mtu acheze. Muda wote ule nilijifunza menyu. Kutunga mchezo sikujifunza. Nawafahamu wengine walioingilia mlango huohuo, wakajiona hawana akili, wakaacha moja kwa moja. Akili walikuwa nayo. Chombo walichopewa ni cha mtu aliyekwisha kuiva.

Kwenye karakana ya seremala mwanagenzi hakabidhiwi kabati la nguo siku ya kwanza. Hupewa randa na kipande cha ubao wa mabaki, aone mbao inavyojikunja anapopitisha chuma, asikie tofauti ya kwenda na nyuzi za mti na kwenda kinyume chake. Anafanya jambo dogo na matokeo anayaona papo hapo. Programu ya mwanzo inapaswa kuwa hivyo: mkono ukitenda, jicho lione, na kati yao pasiwe na kusubiri.

Ndiyo maana naipenda Scratch, na nasema hivyo bila kusita hata mbele ya watu wazima wanaoiona ya kitoto. Ilitolewa kwa umma mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick katika MIT Media Lab nchini Marekani, kikundi ambacho jina lake lina maana ya chekechea ya maisha yote. Huandiki msimbo, unaunganisha vitofali vya rangi, vya mwendo rangi ya bluu, vya sauti rangi ya waridi, na umbo la kila kitofali linakuonyesha kinapoweza kukaa. Kisichofaa hakishiki. Nukta iliyosahaulika au mabano yasiyofungwa, makosa yanayowatoa machozi wanaoanza na lugha za maandishi, hapa hayana pa kuingilia. Ni bure, ina toleo la kusakinisha linalofanya kazi bila intaneti, na utakikuta Kiswahili katika orodha yake ya lugha. Kwa mtoto wa darasa la tano hilo la mwisho si dogo. Anawaza mchezo kwa lugha anayoiotea ndoto.

Acha nieleze jambo moja kwa kirefu, maana ndani yake umo utamu wote wa kazi hii. Chukua tendo la kuruka. Mwanagenzi humwambia mhusika wake apande nukta 100 kisha ashuke nukta 100. Anabonyeza kitufe, mhusika anapanda kama lifti na kushuka kama lifti. Si kuruka kule, na mtoto analijua hilo papo hapo, kwa sababu ameruka mwenyewe maelfu ya mara. Hapo unamwonyesha kigeu, yaani namba yenye jina inayoweza kubadilika. Kiite kasi. Akibonyeza kitufe, kasi iwe 12. Kila mzunguko mhusika apande kwa kiasi cha kasi, kisha kasi ipungue kwa 1: 12, 11, 10, mpaka sifuri, kisha hasi 1, hasi 2, anashuka. Ukijumlisha namba zile za kupanda unapata nukta 78, na jukwaa zima la Scratch lina kimo cha nukta 360. Sasa mhusika anapaa kwa nguvu, anasita kileleni, anaanguka akiongeza mwendo. Mtoto atacheka. Kisha badilisha namba moja tu: kasi ipungue kwa 2 badala ya 1. Kilele kinashuka mpaka nukta 42, na mhusika anaanguka kama gunia la mchele. Kwa tarakimu ile moja amekuwa mzito. Mpwa wangu alikaa saa nzima akiibadilisha, mara mwezini, mara majini, na siku ile hisabati ya namba hasi, aliyoikariri shuleni bila kuionja, iliingia mwilini mwake.

Kuna programu nyingine inayonionjesha utamu huohuo kwa njia ya kubana. PICO-8, kazi ya Joseph White, ina kioo cha pikseli 128 kwa 128, rangi 16 na njia nne za sauti. Zaidi ya hapo hupati hata ukilia. Lugha yake ni Lua, kwa hiyo utaandika msimbo, lakini mahali pa kuchora, pa kupanga ramani, pa kutunga sauti na pa kuandika pamo ndani ya programu hiyohiyo. Inauzwa, ingawa lipo pia toleo la elimu linalotumika bure kwenye kivinjari. Mwaka 2015 Maddy Thorson na Noel Berry walitunga humo, kwa siku nne, mchezo mdogo wa msichana anayepanda mlima. Mchezo huo ulikua ukawa Celeste, uliotoka mwaka 2018 na kushinda tuzo ya mchezo huru bora katika The Game Awards ya mwaka huo. Ule wa mwanzo wa siku nne umefichwa ndani ya mkubwa, na anayeutafuta anaweza kuucheza.

Celeste ni mgumu, na wachezaji hufa humo mamia ya mara, hata hivyo hawauchukii. Sababu moja ni huruma iliyofichwa katika namba. Ukichelewa kidogo, mguu ukiwa umekwisha kuacha ukingo wa mwamba, mchezo bado unakukubalia kuruka kwa kitambo kifupi mno. Ukibonyeza mapema kabla hujatua, unakukumbukia. Mchezaji haoni kwamba amesamehewa; anachohisi ni kwamba mkono wake ni hodari. Nilipolijua hilo nilikikumbuka kikapu kilichopanuliwa kwa ajili ya bibi. Kijana wa kidato cha pili alikuwa amelifikia wazo hilo peke yake, kwa sababu chombo chake kilikuwa chepesi kiasi cha kumwachia nafasi ya kumfikiria mchezaji.

Wenye simu tu nao nisiwasahau, maana kwetu ndio wengi. GDevelop, programu huria iliyoanzishwa na Florian Rival, hutumia masharti badala ya msimbo: likitokea hili, fanya lile. Inafanya kazi kwenye kompyuta, na kwenye simu za Android pia. Vidole vitachoka, lakini mchezo utakamilika.

Ukikua ukahitaji nafasi pana, nenda Godot. Ilianzia Argentina, kwa Juan Linietsky na Ariel Manzur, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2014, na jina lake limetokana na tamthilia ya Samuel Beckett. Injini yenyewe haifiki gigabaiti moja kuipakua, ingawa siku ya kuutoa mchezo wako uende kwenye simu au kompyuta za watu kuna mzigo mwingine wa kuongeza. Panga bando mapema. Leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuibadilisha na kuuza ulichotunga bila kumlipa mtu. Mwanagenzi huwa halifikirii suala la leseni, nami namsihi alifikirie mapema. Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza ada mpya, iliyofungamanishwa na idadi ya mara mchezo unaposakinishwa ukishavuka viwango fulani. Watunzi wa michezo duniani kote walipiga kelele, masharti yakalegezwa, na mwaka mmoja baadaye ada ikafutwa. Unity inabaki injini nzuri. Ila mwaka ule wengi walitambua kwamba karakana waliyoizoea ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadilisha kodi.

Kipimo changu cha barazani kina shahidi pia. Usiku uleule wa Desemba 2018 ambapo Celeste ulipewa tuzo mjini Los Angeles, aliheshimiwa pia kijana aitwaye Lual Mayen. Alizaliwa familia yake ikikimbia vita Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Amesimulia jinsi mama yake alivyoweka akiba kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta ya dola 300, na jinsi alivyotembea saa tatu kwenda kuichaji. Mchezo alioutunga, Salaam, unamweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi, na nakala zake za kwanza zilipita kambini kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth. Simtaji ili tuone fahari katika shida. Saa tatu za kutembea ni saa tatu zilizopotea, na kila kijana anastahili umeme nyumbani kwao. Namtaja kwa sababu ya ile Bluetooth. Hakungoja soko la mbali limtambue. Mchezo ulikuwa mikononi mwa majirani zake kabla dunia haijasikia jina lake.

Mpwa wangu sasa anatunga bao, lile la kujifunza, la kete mbilimbili katika kila shimo. Mashimo 32, kete 64: kwa kompyuta ni orodha ya namba 32 tu, na kusambaza kete ni kitanzi kinachotembea juu ya orodha. Hesabu aliimaliza haraka. Juma lililopita alimketisha mzee mmoja wa mtaani, mcheza bao wa siku nyingi. Mzee akachagua shimo, kete zikaenea zote kwa mpigo mmoja, kufumba na kufumbua.

"Sikuziona zikiingia, mwanangu," akasema mzee. "Bao huliangalii tu. Unalisikia, kete moja moja."

Mpwa wangu hakujitetea. Alichukua daftari akaandika. Siku mbili baadaye kila kete ilikuwa na mlio wake.

Wewe unayesoma, kama umekuwa ukilinganisha programu kwa miezi, funga ulinganisho huo leo. Kama kompyuta ipo, hata kuukuu, pakua Scratch. Kama ni simu tu, pakua GDevelop. Tunga kitu cha kitufe kimoja au viwili, usikipambe, na kabla ya Jumapili mwite mtu wa nyumbani aketi acheze. Wewe kaa pembeni yake, usimweleze chochote, na uwe na daftari.