Mkesha, Wodi na Madungu: Maombi na Huduma za Wanafunzi Wakristo Mahali kama Mchukwi

Ushirika wa wanafunzi Wakristo katika vyuo vya Tanzania hufanana karibu kila mahali. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kuna mratibu wa maombi na mratibu wa uinjilisti, na kuna kiongozi wa sifa ambaye mara nyingi hujulikana chuoni kuliko mwenyekiti. Ratiba nayo haitofautiani sana: ibada katikati ya wiki, mkesha wa Ijumaa, mfungo mwanzoni mwa muhula, na safari moja ya injili wakati wa likizo. Mtindo huu ulikomaa katika vyuo vikuu, penye wanafunzi maelfu, kumbi nyingi na Jumamosi zisizo na vipindi. Ukichukuliwa mzima mzima ukapelekwa kwenye chuo kidogo cha afya kilicho kando ya hospitali, sehemu kubwa yake hukwama.

Mchukwi inaonyesha vizuri sababu za kukwama huko. Ni kata ya Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, kusini mwa Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa. Ina hospitali ya misheni na mafunzo ya uuguzi, lakini imezungukwa na vijiji ambavyo wakazi wake wengi ni Waislamu, Wandengereko wakiwa ndio wenyeji. Mwanafunzi Mkristo anayefika hapo kutoka Mbeya, Mwanza au Moshi huingia katika jamii ambayo yeye ndiye mgeni ndani yake, na wagonjwa atakaowahudumia wodini ni watu wale wale ambao ushirika wake unatamani kuwafikia. Kila shughuli ya maombi au ya huduma hupimwa kwanza kwa hali hiyo.

Kuhusu madhehebu, si lazima kusema mengi. Vyuo vikubwa vinaweza kuwa na matawi ya vyama vya wanafunzi kama TAFES kwa Wainjilisti, CASFETA kwa Wapentekoste, TMCS kwa Wakatoliki na TUCASA kwa Waadventista, kila tawi na chumba chake na siku yake. Penye wanafunzi wachache, matawi hayo hubaki majina matupu yenye wanachama watatu watatu. Kinachofaa zaidi ni kuacha ibada kuu ya kila dhehebu ifanyike kwa utaratibu wake, Jumamosi au Jumapili, na kuunganisha kazi tu: maombi mafupi ya wiki, kutembelea wagonjwa na safari za vijijini. Vyama vinavyojaribu kuunganisha ibada yenyewe huishia kujadili kunena kwa lugha na Sabato mpaka muhula unakwisha.

Tatizo la kwanza la kiufundi ni zamu. Mwanafunzi wa uuguzi anapokuwa kwenye mafunzo ya vitendo hupangwa asubuhi, jioni au usiku, na mpangilio hubadilika kila mara. Mkesha wa Ijumaa unaoanza saa 3 usiku na kwisha saa 11 alfajiri huwakosa walio zamu ya usiku, na walio zamu ya Jumamosi asubuhi huwapeleka wodini wakiwa hawajalala. Hili la kwenda wodini bila usingizi ni baya kuliko la kukosa mkesha. Mwuguzi anayesinzia hukosea kipimo cha dawa, na kosa hilo halipungui uzito kwa kuwa usingizi wake ulitokana na sala.

Mbinu inayolingana na zamu ni mnyororo wa maombi, nayo ina historia ndefu. Mwaka 1727, huko Herrnhut katika Saksonia, Ujerumani, Wamoravian wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za siku, kila mmoja akishika saa yake, na mnyororo huo ukaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Kanisa la Moravian lililofika Rungwe mwaka 1891 ni tunda la jumuiya hiyo hiyo. Siri ya Herrnhut haikuwa kukesha pamoja. Ilikuwa kugawana usiku ili kila mtu alale sehemu kubwa ya usiku wake.

Hesabu yake kwa ushirika mdogo ni nyepesi. Watu 18, kila mmoja akishika nusu saa, hufunika saa 9 kamili, yaani tangu saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Wenye zamu ya usiku hawapangwi kabisa, na wenye zamu ya asubuhi hupewa vipande vya mwanzo. Kila anayemaliza humpigia simu anayefuata, naye akipokea ndipo wa kwanza hulala. Mnyororo mara nyingi hukatika kwa sababu moja, yaani mtu kupitiwa na usingizi simu ikiwa imezimwa. Dawa yake ni kupanga watu wawili wawili kuanzia saa 8 usiku na kuendelea, hata kama idadi itabana na mkesha ukafupishwa. Mratibu anahitaji pia karatasi ya mada, kwa kuwa mtu aliye peke yake saa 9 usiku humaliza maneno haraka. Mada tatu zinatosha, na ni bora zitaje mambo yenye sura: wodi ya watoto, mitihani ya wiki ijayo, kijiji kilichotembelewa mwezi uliopita.

Tatizo la pili ni sauti, na hapa Afrika Mashariki ina kisa chake cha kufundishia. Mwaka 1941, katika chuo cha kitheolojia cha Bishop Tucker huko Mukono, Uganda, wanafunzi wafuasi wa Uamsho, vuguvugu la kiroho la Kikristo la Afrika Mashariki, walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kusali na kisha kuwahubiria wenzao katika eneo la chuo. Mkuu wa chuo akapiga marufuku. Wanafunzi 26, akiwemo William Nagenda, walikataa kutii wakafukuzwa. Uamsho haukufa kwa hilo, na Nagenda akawa mmoja wa wahubiri wake wanaojulikana zaidi. Kwa sababu hiyo kisa husimuliwa kama ushindi wa waombaji. Lakini kikitazamwa kama suala la mpangilio, kinaonyesha pia jinsi saa na mahali pa kusalia panavyoweza kumeza mada nyingine zote: pande zote mbili zilikuwa za Kikristo, tena za kanisa moja, na bado hazikuelewana.

Mahali penye hospitali hakuna nafasi ya mvutano wa namna hiyo. Maombi ya alfajiri ya sauti ya juu, yakiwa karibu na wodi au bweni la walioshuka zamu, huamsha watu wenye haki ya kulala. Spika ndiyo kifaa kinachozua malalamiko mengi kuliko kingine chochote katika ushirika wa wanafunzi, na mara nyingi chumba chenyewe hakizidi watu 30 wanaosikika vizuri bila hiyo. Utaratibu unaodumu ni wa maombi ya kimya au ya sauti ya kawaida kwa dakika 20 kabla ya zamu ya asubuhi, na sifa za ngoma na vinanda zikabaki Jumapili mchana.

Huduma kwa wagonjwa ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote na yenye hatari kubwa kuliko zote. Mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kuondoka mhubiri anapomchosha. Anamwona mwanafunzi kama mtu mwenye sindano, dawa na sauti juu ya matibabu yake, hivyo “ndiyo” yake kwa ombi la kuombewa haina uhuru kamili. Ndiyo maana vikundi vilivyokomaa hutenganisha kazi hizo mbili kwa mambo yanayoonekana: ziara hufanyika saa za kutazama wagonjwa, bila sare, kwa ruhusa ya msimamizi wa wodi, na mwanafunzi hatembelei wodi anayofanyia mazoezi wiki hiyo. Dini ya mgonjwa haiulizwi. Anayetaka kuombewa husema mwenyewe, naye huombewa kwa sauti ya mazungumzo. Wengine hupewa sabuni, maji ya kunywa, au saa nzima ya kukaa na mtoto ili mama akaoge na kufua. Hilo la mwisho halina gharama na halisahauliki upesi.

Mpaka mmoja hauna mjadala: hakuna neno la imani linalosemwa kwa namna itakayomfanya mgonjwa aache dawa. Mwaka 2011, maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa “kikombe”, dawa ya mitishamba ya mchungaji Ambilikile Mwasapile iliyodaiwa kuponya, na wahudumu wa afya walibaki na hofu ya wagonjwa wa kifua kikuu na wanaoishi na virusi vya Ukimwi kuacha vidonge vyao. Ushuhuda wa uponyaji unaotolewa mbele ya mgonjwa wa aina hiyo, hata kwa nia njema, unaweza kufanya kazi ile ile.

Uchangiaji wa damu ni huduma inayofaa chuo cha afya kuliko mkutano wa hadhara. Pwani ina malaria, watoto hufika hospitali wakiwa na upungufu mkubwa wa damu, na akina mama huvuja damu wakati wa kujifungua. Kwa taratibu za Mpango wa Taifa wa Damu Salama, mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume hurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Kikundi kinachopanga wanachama wake kwa mafungu, badala ya kuwatoa wote siku moja ya Pasaka, huipa hospitali damu mwaka mzima. Siku kubwa moja hupendeza kwenye picha, lakini damu ina muda wa kukaa kwenye jokofu, na muda huo hupita.

Nje ya uzio wa hospitali, kazi hubadilika. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kuabudu na kueneza dini, huku Kanuni ya Adhabu ikifanya kuwa kosa kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Mihadhara ya kulinganisha vitabu vitakatifu, iliyovuma miaka ya 1980 na 1990, ilionyesha jinsi mstari huo unavyovukwa kwa urahisi. Oktoba 2012, huko Mbagala, kwenye barabara hii hii ya Kilwa, ugomvi wa watoto wawili kuhusu Kurani uliishia kwa makanisa kuchomwa. Kwa mwanafunzi aliye Mchukwi, kulinganisha Biblia na Kurani hadharani hakufai hata kama sheria ingekuwa kimya.

Kuna pia kumbukumbu ya karibu zaidi. Mwaka 2016 na 2017 Kibiti ilipitia mauaji ya viongozi wa vijiji, askari na raia, mpaka serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji. Baada ya miaka ya namna hiyo, vijana wasiojulikana wanaogonga mlango hadi mlango jioni hawaonekani kama wainjilisti. Hatua ya kwanza ya safari yoyote ni barua kwa mtendaji wa kijiji, kisha kujitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kwa imamu pia ikiwa shughuli itahusu watoto au afya. Kazi hufanyika mchana. Watoto hawafundishwi nyimbo za dini bila mzazi kujua. Masomo ya ziada ya hisabati na Kiingereza, kwa ruhusa ya wazazi, hukubalika haraka, mradi yawe masomo kweli na yasigeuke mtego. Na salamu huanza na shikamoo. “Bwana asifiwe” ina wenyewe.

Kalenda ya chuo hailingani na kalenda ya vijiji, na hapo ndipo mipango mingi iliyoandikwa vizuri huharibika. Katika bonde la Rufiji, mpunga unapokaribia kukomaa, kaya nyingi huhamia madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo shambani, kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe pori na viboko. Anayekwenda kijijini wakati huo hukuta wazee na kuku. Masika ya Machi hadi Mei hukata njia, na mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha makazi na mashamba Rufiji na Kibiti. Wakati kama huo kinachotakiwa ni chandarua, dawa ya kutibu maji na mikono ya kubeba mizigo. Ramadhani husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo haiwezi kunakiliwa kutoka ratiba ya mwaka jana. Mwezi huo safari za injili husimama, wala hakuna chai na maandazi ya kikundi barazani mchana. Iddi ni siku nzuri ya kutembelea majirani.

Kata za delta ya Rufiji, kama Salale na Mbuchi, hufikiwa kwa boti, na safari zake huongozwa na maji kujaa na kupwa. Ushirika mdogo usio na fedha za mafuta ya boti haupaswi kuanzia huko.

Linalobaki ni mwendelezo. Diploma ya uuguzi huchukua miaka 3, na viongozi wa ushirika kwa kawaida hushika nafasi mwaka mmoja. Kijiji kilichoahidiwa ziara ya kila mwezi hupoteza wanafunzi wanaokijua vizuri kila baada ya mitihani ya mwisho. Nchini Kenya, mtandao wa FOCUS unaounganisha vyama vya Kikristo vya vyuo umejibu tatizo hili kwa kuweka watumishi wa kudumu wanaozunguka vyuoni na kwa mafunzo maalumu ya wanaoingia na wanaomaliza. Chuo kidogo kisicho na mtumishi wa namna hiyo hutegemea mambo mawili: mlezi miongoni mwa wafanyakazi wa hospitali, na daftari. Katika daftari huandikwa jina la kijiji, mtendaji aliyepokea barua, kilichoahidiwa, kilichotimizwa, fedha iliyotumika na tarehe ya ziara inayofuata. Majina ya wagonjwa na siri zao hayaandikwi humo. Kiongozi mpya hupewa daftari hilo na kupelekwa vijijini na aliyemtangulia angalau mara moja, kabla wa mwaka wa tatu hawajafunga mabegi.