Unene wa watoto: tuache kumnyooshea mama kidole

Mtoto akinenepa kupita kiasi, wa kwanza kusemwa ni mama. Eti anamdekeza, eti hampikii. Ripoti ya UNICEF ya Septemba 2025, Feeding Profit, inaikataa hadithi hiyo, na kwa hilo tu inastahili kusomwa. Ila tusiimeze nzima nzima.

Tuanze na takwimu iliyovuma. Duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliopitiliza sasa ni asilimia 9.4, na wenye uzito pungufu ni asilimia 9.2. Mwaka 2000 zilikuwa asilimia 3 na karibu 13. Sawa, lakini mistari hii imepishana kwa sababu mbili: mmoja umepanda na mwingine umeshuka, na huo ulioshuka ni habari njema. Isitoshe, ripoti yenyewe inasema Afrika Kusini mwa Sahara na Asia Kusini bado hazijafika huko. Ukitunga sera hapa kwetu kwa kutazama wastani wa dunia, utamsahau mtoto anayelala njaa.

Hoja kuu ya ripoti, kwamba chanzo ni mazingira ya chakula, naikubali. Vinasaba huchangia kuamua nani ananenepa kirahisi, lakini havibadiliki kiasi hicho ndani ya miaka 25. Uvivu wa wazazi nao haukuzuka dunia nzima kwa mpigo! Kilichobadilika zaidi ni bei, matangazo na bidhaa zilizojaa madukani. Jaribio la Kevin Hall na wenzake Marekani, 2019, linaunga mkono: watu wazima 20 walipopewa vyakula vilivyosindikwa sana, walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku. Ushahidi mzuri, ila ni wa watu wazima, wiki mbili kwa kila aina ya mlo. Kuuhamishia kwa watoto kunataka tahadhari.

Panapolegea ni kwenye kura ya maoni. Vijana 64,000 kutoka nchi zaidi ya 170 waliulizwa, na asilimia 75 walisema wameona matangazo ya vyakula na vinywaji hivyo wiki iliyotangulia. Namba kubwa, lakini waliojibu ni waliojiunga wenyewe na jukwaa la U-Report, mara nyingi kwa simu. Kijana asiye na simu hayumo. Wingi wa watu hauifanyi sampuli iwe wakilishi.

Sasa, nani abebe lawama? Mimi nasema wajibu ufuate uwezo. Mzazi anaweza kuamua kinachoingia kwenye sufuria. Hawezi kupanga bei ya soda wala kuondoa tangazo lililobandikwa karibu na shule. Serikali inaweza. Chile ilianza mwaka 2016: alama nyeusi kwenye pakiti, marufuku ya kuziuza bidhaa hizo shuleni na kuzitangaza kwa watoto. Ununuzi wa vinywaji vyenye sukari nyingi ukashuka kwa karibu robo. Kununua kidogo si sawa na kupungua uzito, na hilo bado linahitaji kupimwa kwa miaka. Lakini angalau Chile iliacha kuhubiri ikabadilisha kitu. Sisi bado tunamwambia mama awe makini, huku kiosko cha getini kinauza biskuti na soda.