Mashine kueleweka ni sawa, ila inamwelea nani?

WATAFITI wa akili unde wamepata neno jipya la kuombea fedha: kueleweka. Zamani ilitosha mwanafunzi wa uzamifu kuahidi kwamba mashine yake itachimba data na kutabiri kwa usahihi. Siku hizi mfadhili huuliza pia iwapo binadamu ataelewa mashine imefikiaje jibu hilo. Ni swali zuri. Lalamiko langu ni kwamba hujibiwa bila kumtaja huyo anayeelewa.

Sarufi yetu inaanika tatizo hili vizuri. Kitenzi elea kina maana mbili, kukaa juu ya maji na kuwa wazi akilini. Mtumbwi umeelea, jambo limenielea. Tazama hilo "ni" lililojibana katikati: mtu yumo ndani ya kitenzi. Ukisema limeeleweka, mtu ametolewa, imebaki hali tu. Hata unda, kitenzi kilichozaa "akili unde", ni cha mafundi wa vyombo. Wahenga walipotuambia ukiona vyaelea jua vimeundwa, walikuwa wakiwafikiria hao.

Nichukue kazi iliyo karibu nasi. Chuo Kikuu cha Maseno, hapo nje kidogo ya Kisumu, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Africa Nazarene kuunda Kencorpus, kwa ufadhili wa Lacuna Fund. Ni hazina ya matini 4,442 zenye maneno takriban milioni 5.6, pamoja na saa 177 za sauti, katika Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya: Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Miongoni mwa walioiongoza ni Lilian Wanzare, aliyefanya uzamifu wake Ujerumani, Chuo Kikuu cha Saarland, kuhusu namna ya kuchimba katika matini maarifa ya shughuli za kila siku. Data ya utafiti huo ilikuwa ya Kiingereza: watu walieleza hatua kwa hatua jinsi ya kuoka keki, kupanda basi, kuazima kitabu maktabani. Keki! Kwetu tungeanza na kuanika omena. Kwa hiyo naiona Kencorpus kuwa hatua kubwa: safari hii mashine inalishwa maneno ya watu wa huku.

Kutokana na hazina hiyo kukazaliwa KenSwQuAD, jozi 7,526 za maswali na majibu zilizotungwa juu ya matini 1,445 za Kiswahili. Barack Wanjawa na Lawrence Muchemi nao walipendekeza njia ya kujibu maswali ya Kiswahili kwa mtandao wa maana. Sentensi "Akinyi aliuza samaki" huvunjwa: Akinyi huku, samaki kule, uza ndiyo kamba inayowaunganisha. Ukiuliza nani aliuza samaki, mashine hufuata kamba hiyo, nawe unaweza kuifuata kwa kidole. Hapo kuna uwazi ambao mitandao ya neva, yenye mamilioni ya namba zisizo na majina, haina. Mimi naupenda ufundi huu hata kama utashindwa kwa kasi.

Lakini uwazi huo ni wa nani? Jozi zile ni maswali na majibu. Maelezo ya kwa nini jibu ni hilo hayamo, na kamba za mtandao humwelea aliyesomea sarufi na kompyuta.

Tuseme mama mmoja wa Dunga anauza omena na anaomba mkopo kwa simu. Programu inachungulia miamala yake, inaona mapato yameporomoka kuanzia Aprili, inamnyima. Basi. Mtu yeyote wa ufuoni, kuanzia Usenge hadi Mbita, anajua kuwa Aprili ndipo uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Kama mashine ingemwambia, kwa Dholuo anachoongea nyumbani, "nimekunyima kwa sababu ya Aprili," angejibu mara moja, na jibu lake lingekuwa bora kuliko hesabu za mashine. Akionyeshwa mchoro wa mihimili yenye rangi, kama tasnifu nyingi zinavyofanya, ataaga tu aende zake.

Sheria iko upande wake. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka mtu aliyeamuliwa jambo zito na mashine pekee aarifiwe kwa maandishi, naye anaweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya. Sasa ataombaje kufikiriwa upya asipojua alifikiriwa vipi mara ya kwanza?

Kencorpus imeweka alama za aina za maneno kwenye maneno 50,000 ya Dholuo na 93,000 ya Kiluhya. Huo ni msingi wa kutosha kuanza kutunga maelezo katika lugha hizo. Olusuba cha Rusinga na Mfangano, ambacho wasemaji wake wanazidi kuhamia Dholuo, hakimo kabisa, na sijui mfadhili gani atakifikia kabla hakijanyamaza.

Mwanafunzi atakayeniletea pendekezo lenye neno kueleweka, mimi namrudishia na swali moja pembeni: sura ya mazungumzo na wauza omena iko ukurasa wa ngapi?